Maji Niliyoyakana

Kota za kampuni,
4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua masikio yako yamestaafu pamoja na wewe na kwenye simu humwelewi mtu, na mimi kwa sasa sitaki kuongea kwenye simu ya hapa, kwa hiyo barua imetufaa wote wawili.

Nina swali la Kiingereza. Usinicheke. Uliniambia nikikimbilia kemia ipo siku nitarudi kwako kuomba maneno, na ndiyo hiyo imefika.

Kazi yangu unaijua. Kiwanda kinayeyusha betri chakavu kutoa risasi, mimi niko maabara, napima. Mwezi uliopita nilichota maji ya bomba letu la huku kota. Hakuna aliyenituma, mashine ilikuwa bado imewashwa na chupa ilikuwa tupu. Nikakuta risasi. Si ya bunduki, Shangazi, ni madini, yale yale ya kwenye tanuri zetu. Hayana rangi, hayana ladha, na hata ukichemsha maji hayatoki. Nikarudia kwa bomba jingine, jibu likawa lile lile. Mwenzangu wa maabara naye akapima kivyake, akaja akanionyesha namba zile zile.

Nilimwambia Meneja, akasema ataliangalia. Nikamwambia na Mzee wa Pampu, yule anayetufungulia maji asubuhi. Yeye hakungoja kuangalia, aliwaambia akina mama pale pale bombani. Wakaandamana hadi ofisini na ndoo tupu, wakazipiga mpaka Meneja akatoka na miwani mkononi.

Sasa kaja mwanasheria wa kampuni kutoka makao makuu. Kijana mpole, ananiita dada. Kaniletea tamko la Kiingereza nilitie sahihi. La kwanza lilisema vipimo vyangu ni "disproved". Nikasita. Kesho yake akaja na jingine, safari hii mimi mwenyewe eti "refute". Nikasita tena. Leo kaleta la tatu, "I deny". Mengine yote hayajabadilika hata nukta. Kamusi yangu inasema yote matatu ni kukanusha. Kama ni kitu kimoja, mbona anahangaika kubadilisha?

Mwenzangu wa maabara alikataa hata kulisoma. Wiki hii kahamishiwa kwenye tanuri. Mkemia mzima, anachochea.

Nisaidie haraka. Mjukuu wako hajambo, ila kawa mvivu wa kula na ananuna bila sababu. Umri tu.

Mwanao,
Kwanini

*

Nyumbani,
11 Februari

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Tulikupa jina hilo hujamaliza kuota meno, na naona hata huko umelitendea haki. Nimefurahi mpaka nimetafuta chaki, nikakumbuka ubao sina tena.

Sikiliza. "Prove" ni kuthibitisha. Upande wa pili wake kuna maneno mengi, na watu huyachukulia kama ni ndugu wa tumbo moja. Siyo. Chukua mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Akisema "siyo mimi", hiyo ni deny. Amekana. Mdomo umefunguka, lakini ushahidi haujaguswa, sukari bado iko pale pale. Akisema "kabati liko juu, mimi mfupi, ningefikaje?", hiyo ni rebut, anarudisha hoja kwa hoja. Refute ni kuiangusha hoja isiinuke tena, ingawa waandishi wa magazeti siku hizi wanaligawa neno hilo kwa yeyote aliyepiga kelele. Disprove ndilo zito kuliko yote. Hapo mtoto ameleta kopo la sukari, limejaa, limefungwa kama lilivyotoka dukani. Ameonyesha kwa ushahidi kwamba jambo lenyewe halikutokea.

Umeona mchezo wa huyo kijana? Alitaka useme umeleta kopo, na kopo huna.

Kwa hiyo disprove usiiguse. Refute nayo iache ilivyo. Bora zaidi usitie sahihi popote. Lakini kama wamekubana ukutani na mtoto yuko mgongoni, basi kana. Deny ni neno jepesi. Linasema tu "mimi nasema sivyo". Halibadilishi kilichomo ndani ya chupa, na siku ya siku vipimo vyako vitakuwepo.

Mpe huyo mvivu wa kula uji wenye maziwa, na umwambie bibi yake anamsalimu kwa sauti kubwa maana yeye mwenyewe hasikii.

Shangazi yako

*

Kota,
21 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimesaini. Deny, kama ulivyoniambia.

Mwanasheria hakubishana. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Nilikuwa nimejiandaa, nimejaza maneno yako kichwani, sukari na kopo na yote. Nikamwambia, "Hapa nakana tu, sijasema vipimo ni vibaya." Akasema, "Ndiyo dada, umechagua vizuri." Akanipa kalamu yake mwenyewe. Nilipomaliza akalipulizia jina langu wino ukauke, kama mtu anayepoza chai ya mgeni.

Jioni ile ile likapita gari la matangazo. Kwa Kiswahili, Shangazi. "Mpimaji mwenyewe amekanusha. Imethibitika kuwa maji ya kota ni salama. Mpimaji mwenyewe amekanusha." Mtaa kwa mtaa, mpaka giza. Nilitoka mbio nikamfuata ofisini, nikamwambia sikusema imethibitika. Akafungua mikono. "Dada, watu wetu hawana maneno mawili kwa jambo hilo. Likivuka upande huu, linakuwa moja tu." Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua kwamba lolote nitakalochagua litafika bombani likiwa neno lile lile.

Foleni ya bombani imerudi kama zamani. Mzee wa Pampu kafukuzwa kwa kueneza uongo. Jirani yangu, yule wa mapacha, alikuja kunikumbatia. Akasema, "Umetutua mzigo. Nilikuwa nanunua maji ya chupa kwa kuwanyima wanangu viatu." Nikasimama tu, mikono imening'inia.

Mimi maji nachota gereji ya barabara kuu, wana kisima chao. Nimeyapima, ni mazuri. Dumu naliweka ndani ya mfuko wa unga watu wasilione. Usinihukumu.

Mtoto tumbo linamsumbua kidogo. Ni minyoo, nimempa dawa.

Mwanao,
Kwanini

*

Nyumbani,
28 Februari

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaja kujikuta nimekaa chini sakafuni.

Nilikufundisha somo la darasani na wewe uliniuliza jambo la uhai. Nililipima neno kwa Kiingereza chake, nikasahau kwamba litasikika kwa Kiswahili chetu. Kwetu mtu akikanusha, wa kwanza anasikia "amekataa", wa pili anasikia "imeonekana si kweli", na wote wawili wanaona wamesikia sawa.

Sasa nisikilize kama mama yako, acha ualimu. Kwanza, mtoto huyo apimwe damu. Sitaki kusikia minyoo. Kukosa hamu ya kula, kununa, tumbo: wewe ndiye uliyesoma kemia, usinifanye mimi nikutajie. Pili, mlete kwangu. Tatu, mwambie Jirani. Usiandike, usitangaze. Nenda mlangoni kwake umwambie kwa mdomo: usinywe.

Nijibu siku utakayoipata hii.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Mwanasheria wa Kampuni,
6 Machi

Kwa Mwalimu Mstaafu,

Salamu za heshima.

Tumefahamu kwamba umekuwa ukimshauri mfanyakazi wetu wa maabara katika mambo ambayo, kwa umri wako na umbali uliopo, pengine hukupata picha yake kamili. Mfano wako wa mtoto na sukari ulitufurahisha sana hapa ofisini. Tunaona wanafunzi wako walibahatika.

Hata hivyo, ushauri unaoweza kuzua hofu miongoni mwa wakazi una madhara yake kisheria, hata ukitolewa na mtu wa familia kwa nia njema. Kampuni inakanusha kwa mara nyingine madai yote kuhusu maji.

Mpwa wako yuko salama na anaendelea na kazi. Mtoto pia yuko salama. Tulimwona juzi akicheza karibu na geti, na gauni lake la njano linampendeza.

Tunakutakia mapumziko mema.

Mwanasheria

*

Kwa mkono wa muuguzi,
10 Machi

Kwanini,

Barua zetu zinasomwa. Ile ya tarehe ishirini na nane sidhani kama ilikufikia, ila wao wamenijibu badala yako. Hii anakuletea binti niliyemfundisha, sasa ni muuguzi, kahamishiwa zahanati ya huko. Mwamini.

Mtoto apimwe damu, na asipimwe na watu wa kampuni. Mwambie Jirani asinywe. Mtoto asicheze nje karibu na geti.

Wanajua nguo anazovaa.

Nauza mbuzi wawili nije. Usinijibu kwa posta.

Shangazi

*

Wodi ya watoto, hospitali ya mkoa,
23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Muuguzi wako ni mtu kweli. Alinipa barua yako ndani ya kadi ya kliniki, akaniambia, "Soma hapa hapa." Ile ya tarehe ishirini na nane sikuipata, ndiyo kwanza nasikia.

Alinikuta nimechelewa. Nitakueleza yote, maana kuna niliyokuficha. Minyoo haikuwepo. Nilipompa dawa nilijua nampa bure. Nilianza kumchotea maji ya gereji baada ya kupima, lakini kabla ya hapo alikuwa ameyanywa ya bomba tangu alipoacha ziwa. Nilikuwa nikimwangalia anavyokaa tu ukutani wenzake wakicheza, najiambia ni umri. Mtu anayepima kila kitu, niliogopa kumpima mwanangu mwenyewe.

Nilikuwa nimeamua kwenda kwa Jirani mchana ule ule. Yeye akatangulia. Alikuja akasimama mlangoni, hakukaa.

"Nakuuliza kitu kimoja. Nyinyi humu mnakunywa maji gani?"

"Ya bomba," nikasema. Ndiyo, Shangazi. Bado nilisema hivyo.

"Usinitanie. Nimekuona gereji. Nimekuona na ule mfuko wako wa unga, nikajisemea labda anapenda maji ya baridi." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Pacha mdogo amepata degedege usiku. Zahanati wameniuliza anakula nini, anakunywa nini. Nikasema maji ni salama, aliyeyapima ni jirani yangu, amekanusha, gari lilipita likasema. Nimewapa wanangu, unanisikia? Nimewapa kwa mkono wangu huu."

Nikaanza kumweleza. Sijui nilikuwa na akili gani. Nikamwambia nilichosaini ni kukana tu, si kusema imethibitika, Kiingereza kina deny na kina disprove, tofauti yake ni kwamba... Akaniangalia kama mtu anayemsikiliza mlevi.

"Mwanangu anatetemeka," akasema, "na wewe unanifundisha Kiingereza."

Akaondoka. Nikamfuata mpaka kwake, nikamwaga ndoo zote mbili zilizokuwa ndani, nikamwachia dumu langu. Hakunizuia na hakunishukuru.

Habari ya degedege ilienea. Meneja akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa kampuni kutuliza watu. Nikaambiwa nikae mbele. Mezani kulikuwa na glasi moja ya maji, imefunikwa kwa kisahani. Nikadhani ni ya Meneja. Akasimama, akasema, "Maneno yamekuwa mengi. Leo hatubishani. Mpimaji wetu atakunywa maji ya bomba mbele yenu nyote." Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mwanasheria akaninong'oneza, "Fumba macho, dada. Glasi moja haiui, na mjadala unafungwa."

Na ni kweli, glasi moja haiui. Hilo ndilo baya la risasi, haiui mtu mbele ya watu.

Niliishika. Ilikuwa safi, ungesoma barua kupitia humo. Nikamsikia mtu akikohoa nje. Mwenzangu wa maabara alikuwa nyuma kabisa, nguo zake za tanuri, macho mekundu. Jirani alikuwa mstari wa pili na pacha mkubwa mapajani. Nikajua nikinywa, kesho atampa.

Nikaiweka chini.

"Siyanywi," nikasema. "Na mwanangu hayanywi, nimemchotea ya gereji kwa siri. Maji haya yana risasi. Nilipima nikaona, kisha nikaja nikakana kwa sahihi yangu kwa sababu niliogopa."

Hapo Mwanasheria akasimama, wala hakukasirika. Alikuwa na karatasi yangu tayari mkononi. "Kwa hiyo dada, ulidanganya lini? Ulipopima, au uliposaini?"

"Niliposaini."

"Na nani atalithibitisha hilo? Maana mtu aliyekiri kudanganya mara moja..." Akaiacha sentensi hewani, akawaangalia watu.

Nakwambia ukweli, maneno yako yote yalinikimbia, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Mwenzangu wa maabara akapaza sauti kutoka nyuma, "Mimi nilipima pia," lakini alipotaka kuendelea kikohozi kikamkaba.

Ndipo Jirani akainuka. Akamkabidhi mtoto kwa mama aliyekuwa pembeni yake, akaja mbele taratibu, akaichukua ile glasi, akaizunguka meza nzima, akaisimamisha mbele ya Meneja.

"Kunywa wewe."

Meneja akacheka kidogo. Akarekebisha tai. Akasema siyo utaratibu, mkutano una ajenda. Jirani hakuondoka. "Kunywa, baba. Sisi tumekunywa miaka yote." Meneja akaitazama glasi, na kila mtu ukumbini akamtazama anavyoitazama. Mkono wake ulikwenda mpaka mezani, ukarudi.

Watu wakaanza kutoka. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyevunja kiti. Viatu tu vinaburuzika sakafuni. Hilo ndilo lililomtisha Meneja, nilimwona, kuliko ndoo za mwanzo.

Mzee wa Pampu spana zake hawakumnyang'anya. Aliifunga koki kuu ya maji, akakaa juu yake na akina mama wakakaa wakimzunguka, mpaka watu wa serikali wakafika. Sasa bomba limefungwa kwa lakiri na maji yanaletwa kwa lori. Mimi nimepewa notisi ya kutoka kota, kwa hiyo ukishauza mbuzi njoo moja kwa moja hapa hospitali. Kampuni imenishtaki kwa taarifa za uongo, na ushahidi wao ni ule ule, jina langu chini ya neno deny. Mwezi ujao kuna uchunguzi, nitaitwa. Mwenzangu amekubali kusimama na mimi, kifua kikimruhusu. Sijui litaishaje. Wana watu wengi wa kusema, na wanasema vizuri.

Daktari wa serikali alichukua damu ya watoto wote wa kota. Tulingoja kwenye benchi. Shangazi, maisha yangu yote nimetaka vipimo vyangu viwe sahihi. Siku ile nilikaa nikiomba aje mtu anipinge. Aje mtu mwenye ushahidi, aniangushe nisiinuke, aseme huyu mwanamke hajui kupima, maji yalikuwa mazuri, mtoto ana minyoo. Ningempigia magoti.

Daktari akatoka, akasema vipimo vyangu vya maji vimethibitika, risasi imo kwenye damu ya watoto. Nikamwambia apime tena damu ya mwanangu. Akasema hakuna haja. Nikamwambia pima tena. Alinionea huruma, akapima. Jibu moja.

Anatibiwa. Ataishi. Ila risasi ikishaingia kwenye kichwa cha mtoto, kilichopotea hakirudishwi chote, na hakuna anayejua kimepotea kiasi gani mpaka akue. Pacha mdogo hajatamka neno tangu siku ile, na alikuwa mropokaji kuliko wote mtaani.

Wamewalaza wodi moja. Kitanda chetu na cha Jirani vinatazamana. Hajaniongelesha tangu tufike.

Leo asubuhi muuguzi alileta maji ya kunywea dawa. Mwanangu akafunga mdomo. Tukambembeleza, akageuza uso ukutani. Nikamuuliza, "Nini, mama?" Akaniuliza, "Haya ni yapi?" Nikamwambia ni mazuri. Hakuniamini, akabaki ananiangalia. Basi nikanywa mimi kwanza, nusu kikombe, nikamwonyesha mdomo mtupu. Akasubiri kidogo. Alipoona bado nimekaa, akapokea akanywa.

Nilipoinua kichwa, Jirani alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa ameshika kikombe cha pacha mdogo, kimejaa. Alininyooshea tu, akangoja.

Nikakipokea, nikanywa.

Mwanao